Kila Mbwa Awe na Mwenyewe



Jioni moja, katika darasa letu hapa Kapalamsenga, mzee mmoja alikuja na kikapu. Tulidhani ameleta mihogo. Alipokiweka chini, kikapu kikalia. Ndani mlikuwa na mtoto wa mbwa, mwekundu, mwenye doa jeupe kifuani. Darasa zima likacheka. Somo la hesabu likasimama.

Nikamwuliza, "Mzee, mbwa huyu atalala wapi?"

Akanijibu, "Mwalimu, mbwa ni mbwa. Atalala popote."

"Na atakula nini?"

"Atajitafutia."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyeona ajabu. Lakini mimi nilirudi nyumbani usiku ule nikiwa na mawazo. Majibu hayo mawili, "popote" na "atajitafutia", nimeyasikia katika kila kijiji nilichofanyia kazi. Naona kwamba matatizo yetu mengi ya mbwa yanaanzia hapo.

Mimi si daktari wa mifugo. Kazi yangu ni elimu ya watu wazima. Lakini maoni yangu ni haya: mtu asiyeweza kumpa mbwa mahali pa kulala, chakula, mafunzo na chanjo, asichukue mbwa. Na yule aliyekwisha kumchukua, kijiji kizima kimjue kwamba yeye ndiye mwenyewe.

MBWA WA KILA MTU

Hakuna anayekataa kwamba mbwa anatufaa. Mahindi yakianza kukomaa, nguruwe mwitu huja usiku, na nyani huja mchana. Fisi hunyemelea mbuzi. Mwizi naye hupita akitazama nyumba ipi haina sauti. Mbwa akibweka, mwenye nyumba anaamka. Kazi hiyo mbwa anaifanya bila mshahara.

Lakini hebu tutembee kijijini alfajiri. Tutawaona mbwa wangapi? Wengine wanachimba takataka. Wengine wanazunguka jiko la mama lishe. Kule ufukoni mwa ziwa, mwanamke anayeanika dagaa mchangani hukaa na fimbo mchana kutwa, kwa sababu akigeuka tu, mbwa wamefika. Uliza, "Mbwa huyu ni wa nani?" Utasikia, "Wa hapa hapa tu."

Mbwa wa hapa hapa tu ni mbwa wa hatari. Anapolinda, ni wa kila mtu. Anapouma, si wa mtu yeyote.

Nasema hivyo kwa sababu nimeyaona. Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha katika kijiji kingine. Mtoto wa kiume wa miaka 6 alikuwa akicheza na mtoto wa mbwa njiani. Mbwa akamng'ata kidole. Jeraha lilikuwa dogo kama la mwiba. Watu wazima waliokuwapo walicheka, kwa kuwa nani anaogopa kitoto cha mbwa? Wakapaka majivu, mambo yakaisha. Siku chache baadaye mbwa yule alianza kuyumba na kutoka udenda. Akafa, akatupwa porini. Hakuna aliyekwenda kumwambia afisa mifugo.

Baada ya miezi miwili hivi, mtoto alianza kulalamika kwamba kidole kinamwasha. Kisha homa. Kisha akashindwa kunywa maji, akawa anashtuka hata akionyeshwa kikombe. Alipofikishwa hospitali, hapakuwa na la kufanya tena. Mama yake alikuwa mwanakisomo wangu. Neno la kwanza aliloniomba nimfundishe kuandika lilikuwa jina la mtoto huyo.

Msibani tuliulizana mbwa yule alikuwa wa nani. Kila mtu alimtaja mwenzake.

MAHALI PA KULALA

Kwa hiyo tuanze mwanzo, siku ile mtoto wa mbwa anapoletwa nyumbani.

Kwanza, asiletwe mapema mno. Mtoto wa mbwa akae na mama yake hadi atimize wiki 8. Hapo ndipo anajifunza kula, na ndipo ndugu zake wanamfundisha kwamba kung'ata kunaumiza. Anayemchukua akiwa na wiki 4 kwa haraka ya kuwahi anapata mbwa dhaifu na mwoga. Mbwa mwoga huuma upesi.

Pili, kibanda kiwe tayari kabla ya mbwa. Hakihitaji bati wala saruji. Vifaa tunavyojengea nyumba zetu vinatosha: miti, udongo na nyasi. Sakafu iinuliwe kwa fito, iachane na ardhi, maana mvua zetu huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili, na mbwa anayelala kwenye tope huugua. Mlango uwe mdogo, na usielekee upande unaotoka upepo. Ndani zitandikwe nyasi kavu. Zibadilishwe kila wiki na zile za zamani zichomwe, ili viroboto na kupe wasipate makao. Jenga kwa kipimo cha mbwa mkubwa: aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Mbwa hukua, kibanda hakikui.

Kibanda kina faida nyingine tunayoisahau. Kinamheshimu jirani. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Si vizuri mbwa wako alale kwenye kibaraza cha mtu anayejiandaa kuswali, au alambe vyombo vyake. Mbwa mwenye kwao hakai kwa watu.

Usiku wa kwanza mtoto wa mbwa atalia. Asipigwe. Ametoka kwa mama yake leo hii. Chukua kitambaa kikuukuu, kikae kwanza siku moja mahali anapolala mama yake, kisha kiweke kibandani. Harufu ile itamtuliza. Baada ya siku chache atazoea.

Wapo wanaofunga mbwa kwa kamba mchana na usiku ili awe mkali. Hilo nalipinga. Mbwa asiyeona watu anakuwa adui wa watu wote, hata wa watoto wa nyumba. Kama ni lazima kumfunga kwa muda, kamba iwe ndefu, awe na kivuli na maji. Na kamba ya shingoni ikaguliwe kila wiki. Shingo ya mtoto wa mbwa hunenepa kila siku. Nimeona mbwa ambao kamba imezama ndani ya nyama.

CHAKULA

Hapa ndipo ubishi ulipokuwa mkubwa darasani. Mama mmoja alisema, "Mwalimu, chakula cha watoto chenyewe hakitoshi. Tumlishe na mbwa?"

Swali lake ni la haki. Jibu langu ni hili: kama chakula hakitoshi mbwa mmoja, basi usiwe na mbwa. Kama kinamtosha mmoja, usiwe na wanne. Mbwa mmoja aliyeshiba ana faida kuliko wanne wenye njaa, kwa kuwa wale wanne hawatakaa kwako. Watakwenda kula kwa wengine, na lawama itarudi kwako.

Tena chakula cha mbwa si cha gharama. Ukoko wa ugali, uji wa dona, vichwa vya samaki na makombo ya dagaa vinafaa. Mtoto wa mbwa apewe kidogo kidogo mara 3 au 4 kwa siku. Akishakuwa mkubwa, mara 2 zinatosha. Maji safi yawepo wakati wote. Awe na chombo chake mwenyewe, kisichochanganywa na vyombo vya watu. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, maana huvunjika vipande vikali na kumchoma ndani. Matumbo mabichi ya mbuzi na ng'ombe asitupiwe pia. Yanaweza kuwa na vimelea vya minyoo ambayo hukua ndani ya mbwa, kisha mayai yake hutoka na kinyesi na kuwafikia watoto wetu. Mwulize afisa mifugo dawa ya minyoo mapema, mbwa angali mdogo.

Mzee mwingine alisema, "Mbwa akishiba halindi." Msemo huu umezoeleka, lakini si kweli. Mbwa halindi kwa sababu ya njaa. Analinda kwa sababu anaijua nyumba yake na watu wake. Mwizi akimtupia mbwa mwenye njaa kipande cha nyama, mbwa huyo atanyamaza. Vivyo hivyo kumlisha pilipili hakumfanyi kuwa hodari. Kunamtesa tu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Basi si suala la huruma peke yake, ni suala la sheria pia.

KUMFUNDISHA

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mbwa naye ni hivyo. Miezi mitatu au minne ya mwanzo ndiyo inayomjenga. Atakachokizoea wakati huo hatakiogopa maishani.

Basi azoeshwe mapema. Aone watoto, wazee, wageni, baiskeli, kuku na mbuzi. Ajue kwamba kuku wa nyumbani si chakula. Apewe jina, na jina lisibadilishwe. Wengine huwapa mbwa majina ya mafumbo ya kuwasema majirani. Nashauri tuache. Jina la mbwa liwe la kumwita mbwa, si la kuanzisha ugomvi.

Maneno ya kumfundisha yawe machache: "njoo", "kaa", "hapana". Nyumba nzima itumie maneno hayo hayo. Baba akisema "toka" na mama akisema "ondoka" na mtoto akirusha jiwe, mbwa hataelewa lolote. Akifanya vizuri, apewe kichwa cha dagaa na asifiwe papo hapo. Akikosea, aambiwe "hapana" papo hapo. Kumpiga jioni kwa kosa la asubuhi ni kazi bure. Hajui anapigwa kwa nini. Anachojifunza ni kumwogopa mwenye mkono.

Haja yake pia hufundishwa. Baada ya kuamka na baada ya kula, mpeleke kila mara mahali pamoja, mbali na kisima, jiko na uwanja wa watoto. Baada ya wiki chache atakwenda mwenyewe.

Na watoto wetu nao wafundishwe. Wasimsumbue mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Wasimvute mkia. Wasimrushie mawe mbwa aliyetulia. Mtoto akikutana na mbwa mkali asikimbie. Asimame wima, asimtazame machoni, kisha arudi nyuma polepole.

CHANJO

Haya yote niliyoyasema ni bure kama mbwa hakuchanjwa.

Kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, kwa makadirio ya wataalamu. Karibu wote wanakufa Afrika na Asia, na katika kila watu 10 wanaokufa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio yaliyotolewa mwaka 2002 yalikuwa vifo karibu 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishaonekana kwa mtu, ni nadra sana apone. Lakini kabla ya dalili kuonekana, chanjo inaokoa. Jambo hili si geni. Mwaka 1885, huko Ufaransa, mtaalamu Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akapona. Tangu wakati huo dunia inajua kinga ipo. Kinachotushinda ni kuifikisha kwa mbwa wetu.

Mbwa huchanjwa akitimiza miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka. Siku ya chanjo ikifika kijijini kabla ya umri huo, mpeleke tu, usingoje. Mchanjaji atakwambia lini arudishwe. Wataalamu wanasema mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Zingatia hesabu hiyo. Mbwa wako peke yake hakiokoi kijiji. Kijiji kizima kikichanja, hata mtoto asiye na mbwa anaokoka.

Tuna mfano hapa hapa nchini. Kisiwani Pemba kichaa cha mbwa kilienea kuanzia mwaka 2010. Mbwa wakachanjwa kwa wingi, na kufikia mwaka 2014 ugonjwa ukatoweka. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja tena, na mwaka 2018 ukatoweka tena. Mtu atasema, "Pemba imezungukwa na bahari, sisi tumezungukwa na pori." Ni kweli kazi yetu ni ngumu zaidi. Lakini hata wao bahari haikuwazuia wasiletewe ugonjwa. Kilichowasaidia ni kuchanja, na kuchanja tena.

Pori letu nalo linatudai. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa uliingia kwa simba wa Serengeti, na karibu theluthi moja ya simba hao wakafa. Sisi tunaishi katika mkoa wenye Hifadhi ya Katavi. Mbwa anayezurura na kufuata wanyama porini anaweza kupeleka ugonjwa huko, na anaweza kutuletea.

MBWA AKIUMA

Msomaji, haya uyashike kwa moyo, na umsomee asiyejua kusoma:

1. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Fanya hivyo hata kama ni mkwaruzo mdogo.

2. Usipake majivu, mafuta ya taa wala dawa ya majani.

3. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama hakuna chanjo, uliza inapatikana wapi, uende. Maliza sindano zote ulizopangiwa.

4. Mjulishe afisa mifugo. Mbwa akiweza kufungiwa bila hatari, asiuawe. Aangaliwe siku 10. Lakini wewe usingoje siku hizo ndipo uende kutibiwa.

5. Mbwa aliyebadilika tabia, anayetoka udenda, anayeyumba, au aliyenyamaza na kujificha gizani, usimguse. Si kila mbwa mwenye kichaa ni mkali.

KAZI YA DARASA LETU

Mwaka 1973 nchi yetu ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Karibu watu milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vitabu. Hawakuishia kusikiliza. Walifyeka vichaka, wakafukia madimbwi, wakachimba vyoo. Walikuwa wanakisomo kama sisi. Basi kusoma kwetu kutafaa nini kama mbwa wetu hawajulikani wenyewe?

Napendekeza darasa letu lifungue daftari moja. Tulichore safu nne: jina la mwenye mbwa, jina la mbwa, umri wake, na tarehe aliyochanjwa. Kila mwanakisomo aandike nyumba kumi za jirani zake. Hapo tutakuwa tumejifunza kuandika majina, kuandika tarehe na kujumlisha. Daftari hilo tumpelekee mtendaji wa kijiji na afisa mifugo, tuwaambie, "Mbwa wetu ni hawa. Tupangieni siku ya chanjo." Ombi lenye hesabu mkononi lina nguvu kuliko manung'uniko. Na atakayekataa kuandikwa kwamba mbwa ni wake, basi asimfuge.

Yule mzee wa kikapu amejenga kibanda. Ukuta mmoja umepinda, na watoto wanamtania. Juzi nilipopita kumwamkia, mbwa alitoka mlangoni akanibwekea, mzee akamwita kwa jina, naye akanyamaza na kurudi. Chanjo bado hajapata. Tunangoja siku ipangwe. Lakini mzee amekwisha andika kwa mkono wake, mstari wa kwanza wa daftari: jina lake, na jina la mbwa wake.

Ndugu msomaji, mstari wa pili unakungoja wewe.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Katika kijiji chako, ni mbwa wangapi unaowajua wenyewe? Wangapi huwajui?

2. Kwa nini mwandishi anasema mbwa mmoja aliyeshiba ana faida kuliko wanne wenye njaa? Je, unakubaliana naye?

3. Kama kijiji kina mbwa 60, wangapi wachanjwe ili wawe 7 katika kila 10?

4. Mtoto ameng'atwa na kitoto cha mbwa, jeraha ni dogo sana. Taja mambo ya kufanya kwa mpango wake.

5. Chora safu nne za daftari la mbwa. Andika nyumba yako kwanza.